Panga au kisu kidogo? Jinsi nilivyotatua msituni Mabira

Safari yangu ya kwanza kupiga kambi Mabira, kando ya barabara ya Kampala–Jinja, nilibeba kisu cha kukunja tu. Mvua ikanyesha mchana kutwa. Kuni zote zililowa, na nilipojaribu kupasua kijiti, kisu kilijikunja na kunikata kidole. Tulilala bila chai.

Safari ya pili nikabeba panga refu. Kuni zilipasuka, ila kumenya muhogo na kukata kitunguu kwa panga ni mateso, tena gizani ni hatari.

Nilichokosea ni kutafuta kisu kimoja cha kazi zote. Makali ya kupasulia yanatakiwa yawe manene ili yasimeguke. Ya jikoni yawe membamba. Chuma kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili vizuri.

Sasa nabeba panga fupi, nalinoa kwa tupa, pamoja na kisu kisichokunjwa cha sentimita 10 hivi, ambacho chuma chake kinafika mwisho wa mpini. Gogo lililolowa nje mara nyingi ni kavu ndani: naweka panga juu yake, nagonga mgongo wa panga kwa kipande cha mti mpaka lipasuke, kisha kwa kisu kidogo nachonga vinyweleo, yaani vipande vyembamba vya mti vya kuwashia moto. Natumia matawi makavu yaliyoanguka tu. Mabira ni hifadhi, miti iliyosimama siigusi kabisa.

Jioni navifuta, napaka mafuta ya kupikia kidogo, navirudisha kwenye ala.