Farasi aingie bandani lini? Vuli haisomwi kwenye kalenda

Wenye farasi wengi huwafungia bandani siku ile wao wenyewe wanapoanza kutafuta sweta. Hapo ndipo makosa ya vuli yanapoanzia. Vuli ninayoisema hapa ni ile ya nchi za baridi, majani yanapopukutika: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, Machi hadi Mei kusini. Farasi hasikii baridi kama wewe. Farasi mzima mwenye nyama mwilini, hata akiwa bado na manyoya mafupi ya kiangazi, haanzi kutumia nguvu za ziada kujipasha joto mpaka hali ya hewa ishuke chini ya nyuzi 5 hivi za sentigredi. Akishaota manyoya ya kipupwe, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 10 au hata 15 chini ya sifuri, mradi awe mkavu na asipigwe na upepo. Shida yote iko kwenye hilo neno "mradi".

Manyoya hayo hayasubiri baridi ndipo yaote. Yanafuata urefu wa mchana. Siku zikianza tu kufupika katikati ya kiangazi, mwili unaanza kujiandaa, kwa hiyo usiku wa kwanza wa baridi humkuta farasi yuko nusu ya safari. Nywele husimama na kushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Manyunyu hayamsumbui, maana maji huteremka juu juu kama kwenye paa la makuti. Mvua ya kutwa ni habari nyingine: hulaza nywele, ikaloanisha mpaka ngozi, na upepo ukija juu yake joto linakwenda zake. Ndiyo maana siku ya nyuzi 8 yenye mvua na upepo humtesa farasi kuliko usiku mtulivu, mkavu, wa nyuzi 5 chini ya sifuri.

Usihukumu kwa kushika masikio. Nenda nyuma ya bega, pekua manyoya kwa vidole mpaka uiguse ngozi. Ikiwa juu kumelowa lakini chini ni kikavu na kuna joto, mwache alipo. Ikiwa vidole vinarudi na maji, na misuli ya paja au ya ubavu inatetemeka, mwingize, mpe nyasi kavu za kutosha, kisha ukaushe manyoya kwa kuyasugua kinyume na yanavyolala. (Punda ni kesi tofauti. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi, kwa hiyo yeye anahitaji paa la kukimbilia hata kwenye mvua ambayo farasi wa jirani haijali.)

Baridi peke yake hutibiwa kwa chakula. Nyasi zinapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto, na joto hilo hudumu kwa saa nyingi kuliko la nafaka. Hesabu inayotumika sana ni hii: kwa kila nyuzi moja chini ya kiwango anachokimudu, farasi anahitaji nyongeza ya karibu asilimia 2.5 ya chakula cha kumtunza. Chukua farasi wa kilo 500 anayekula kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Usiku ukishuka nyuzi 6 chini ya kiwango chake, muongezee kilo moja na nusu. Kwa farasi mnene aliyetoka kiangazini na tumbo la kupitiliza, sikuiti hiyo dharura. Kutumia akiba kidogo kunamfaa.

Kwa hiyo kama baridi siyo sababu kubwa, nini kinaamua? Ardhi, nyasi na miti. Na kati ya hayo matatu, nyasi ndizo zinazodanganya zaidi.

Jani la malisho hutengeneza sukari kwa jua la mchana na kuitumia kukua usiku. Usiku ukiwa baridi, chini ya nyuzi 5 hivi, jani halikui, na sukari yote inabaki humo, sehemu yake ikiwa fruktani. Kesho yake jua likiwaka kwenye anga safi, jani linatengeneza nyingine juu ya ile ya jana. Siku tatu za namna hiyo, sakitu (umande ulioganda) asubuhi na jua mchana, hugeuza malisho mafupi yanayoonekana hayana kitu yakawa kama bakuli la sukari. Hatari yake ni laminaitisi, uvimbe wa tabaka linaloshikilia mfupa ndani ya kwato. Kiangazi watu husema alfajiri ndiyo saa salama, na ni kweli, kwa kuwa sukari ya jana imekwisha kutumika usiku. Asubuhi ya sakitu kanuni hiyo inavunjika. Wala kusubiri barafu iyeyuke hakusaidii. Kinachoyeyuka ni barafu. Sukari iko pale pale mpaka usiku mmoja au miwili ya joto na mawingu irudi na jani lianze kukua tena.

Basi farasi aliyewahi kuugua laminaitisi, farasi mnene mwenye mafuta magumu kwenye ukingo wa juu wa shingo, na yule wa miaka zaidi ya 15 mwenye matatizo ya tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), hao wakae nje ya nyasi siku kama hizo. Huyo wa tezi ana mzigo wa pili, kwa sababu vuli ni msimu ambao homoni za tezi hiyo hupanda kwa farasi wote, na kwake hupanda kupita kiasi. Kuwa nje ya nyasi si lazima kuwe kufungiwa. Kiwanja cha mchanga au cha kokoto chenye nyasi kavu kinatosha, na anatembea. Kila asubuhi shika kwa nyuma pande mbili za kifundo cha mguu, juu kidogo ya kwato. Mapigo ya damu ya kawaida ni hafifu, hata kuyapata ni kazi. Yakikugonga vidoleni waziwazi, na kwato zina joto, usingoje achechemee: mtoe kwenye nyasi saa hiyo, umweke kwenye matandiko mazito, na umpigie daktari wa mifugo.

Miti nayo. Ule unaoitwa sikamori huko Ulaya, *Acer pseudoplatanus*, usiuchanganye na mkuyu aliopanda Zakayo. Hauna undugu nao. Mbegu zake zimeunganishwa mbilimbili, kila moja na bawa lake, na zikianguka huzunguka kama pangaboi, kwa hiyo upepo wa vuli huzipeleka mbali na shina. Zina sumu ya haipoglisini A, inayozuia misuli isipate nguvu kutoka kwenye mafuta. Farasi hukakamaa, hutoka jasho, hulala chini, na mkojo wake huwa mweusi kama kahawa. Wengi wanaofikia hapo hufa, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu. Wanaoathirika zaidi ni wale waliobakiwa na malisho yaliyoliwa mpaka chini, kwa kuwa hawana cha kuchagua. Asubuhi ya kwanza baada ya upepo mkali, kabla ya kufungua lango, tembea malishoni ukitazama chini, hasa upande ule upepo ulikoelekea. Ukiziona, zungushia uzio wa muda au uwaweke farasi pengine. Matunda ya mwaloni nayo yanafika wakati huohuo; machache hayadhuru, lakini wapo farasi wanaoyapenda kama peremende na hao huharibika tumbo na figo.

Sasa ardhi. Hapa mimi sina huruma: malisho yakichafuka Oktoba, utayalipia mpaka kiangazi kijacho. Vaa gambuti, simama katikati ya malisho (siyo langoni, langoni kunachafuka daima) na ukandamize kisigino kwa uzito wako wote. Kikiacha alama tu, hakuna neno. Kikizama vidole vitatu na maji yakajaa shimoni, kwato za mnyama wa kilo 500 zinakata mizizi kila hatua. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6 nyasi hazikui tena, kwa hiyo kilichokatwa hakifuniki. Waondoe pia nyasi zikibaki na kimo cha sentimita 5. Chini ya hapo wanakula mashina pamoja na udongo, na mchanga huleta msokoto wa tumbo.

Matope yenyewe hulainisha ngozi ya nyuma ya vifundo mpaka bakteria wapate mlango, na ndipo yanapotokea magamba na vidonda. Kosa lililozoeleka ni kuosha miguu kila jioni kwa mpira wa maji. Unaongeza maji juu ya maji. Acha matope yakauke usiku kucha bandani, uyapige brashi asubuhi. Ukilazimika kuosha, kausha kwa taulo mpaka katikati ya nywele.

Ukishaamua kumwingiza, usimwingize kwa mkupuo. Nyasi mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Nyasi kavu zina kama 15 tu. Farasi aliyekuwa anatembea kutwa akila maji ndani ya chakula, ukimsimamisha ghafla mbele ya chakula kikavu, utumbo mpana unaziba. Msokoto wa namna hii hujaa wiki za kwanza za kuwafungia farasi, na si bahati mbaya. Anza kumpelekea nyasi kavu hukohuko malishoni siku 10 hadi 14 kabla, ukiongeza kidogo kidogo. Kisha mwingize usiku tu, mchana atoke. Kipimo cha jumla ni kilo 1.5 hadi 2 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za mwili kwa siku. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kilo 9 hadi 12 za nyasi kavu kama zinavyopimwa kwenye mizani, na kwa usiku wa saa 14 weka zaidi ya nusu yake. Pima kweli. Robota mbili zinazolingana kwa macho huweza kupishana kilo kadhaa.

Maji: ndoo mbili za lita 20, zisijazwe juu ya mabaki ya jana. Ndoo ndiyo faida mojawapo ya banda, kwa kuwa unaona amekunywa kiasi gani. Asubuhi ikiwa haijapungua hata lita 10, na mavi ni machache, madogo na makavu, una taarifa ya mapema kabla hajaanza kujitazama ubavuni. Maji yakiwa ya barafu hunywa kidogo. Ongeza ya moto kidogo mpaka yawe vuguvugu.

Hewa watu huisahau. Banda la mita 3.6 kwa 3.6 lililofungwa kila upande ili "asipate baridi" ni kiwanda cha kikohozi. Nusu ya juu ya mlango ibaki wazi hata usiku. Chuchumaa, pua yako iwe usawa wa matandiko, alipo yeye anapolala na kula. Ukisikia harufu ya mkojo ikichoma, banda halifai, hata kama ukisimama husikii kitu. Nyasi zenye vumbi ziloweke nusu saa na umwekee chini, siyo juu ukutani.

Nani aingie kwanza? Mzee aliyepoteza meno, aliyekonda, aliyenyolewa manyoya kwa ajili ya kazi, mgonjwa, na mtoto aliyeachishwa kunyonya karibuni. Farasi wadogo wa asili kama Shetland na Exmoor, wakiwa na kibanda cha kuta tatu kinachoupa upepo mgongo, wanaweza wasiingie kabisa. Usimwingize mmoja na kumwacha mwenzake peke yake. Atakimbia kando ya uzio kwenye utelezi mpaka aumie. Na kuhusu blanketi: jepesi mno hulaza manyoya bila kufidia joto, zito mno humtoa jasho. Kwa farasi asiyenyolewa, lile la kuzuia mvua lisilo na pamba ndani linatosha vuli nzima, na lifunguliwe kila siku umtazame mbavu, kwa kuwa chini yake farasi hukonda kimyakimya.

Aliyefungiwa hata siku tatu mfululizo kwa mvua, miguu ya chini ikavimba kwa kusimama, atatoka kama risasi jua likitoka, na hapo kano hukatika. Mtembeze kwa kamba dakika 10 kwanza. Tawanya mafungu ya nyasi kavu malishoni kabla hujamleta, mafungu yawe mengi kuliko idadi ya farasi. Ukishapita naye lango, mgeuze akutazame, wewe ukiwa umelipa lango mgongo. Fungua kamba, kisha rudi nyuma hatua mbili kabla hajageuka na kurusha mateke.