Matema, ziwa lisilopwa

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, mlaji na mwokotaji wa kombe, wale wanyama wa baharini wenye magamba. Kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua, yaani maji makuu ya kupwa na kujaa, hupeleka maji mbali, na kina mama hushuka na ndoo kuchokoa mchangani kabla hayajarudi. Ndiyo maana wenyeji wangu wa Mbeya waliponialika ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa, mawazo yangu yalikimbilia kwenye ndoo.

Uyole tuliondoka na masweta. Tukuyu mvua, chai, migomba, tena migomba. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika ukungu. Kisha barabara ikateremka, na tulipofika kwenye mashamba ya mpunga na kokoa ya Kyela, kila mtu alikuwa amevua sweta. Tukakata Ipinda hadi ziwani.

Nilikaa nikiyangoja maji yapwe. Wapi! Asubuhi, mchana, jioni, mstari ni uleule. Ziwa Nyasa hupanda kwa mvua za msimu na kushuka kiangazi. Kupwa na kujaa kwa kila siku, kwa macho, hakuna. Sasa utachokoa wapi?

Ila magamba yapo. Niliokota moja jembamba, nje rangi ya tope la kijani, ndani linameta kama lulu. Nikampelekea mama mmoja aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa hili.

"Shikamoo mama. Hawa mnawala?"

"Marahaba. Hao?" Akacheka. "Wa watoto kuchezea hao, mwanangu. Sisi tuna usipa."

Akanionya pia nisipekuepekue kwenye matete, maji yanapotuama. Ana haki: huko ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na vijidudu wanaowatoa hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Kombe wa baharini hawana balaa hilo.

Mwezi nao huku wanauhesabu, ila kwa sababu nyingine kabisa. Usipa huvuliwa usiku kwa taa; samaki huifuata nuru, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa inakosa kazi. Usiku ambao sisi tungekuwa tunanoa vyuma vya kuchokolea, wavuvi wa Matema wanalala.

Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Usipa wabichi hakuna, nikaletewa samaki aitwaye mbasa, wa kuchoma, kwa wali wa Kyela. Sifa za mchele ule, nakubali, hazijatiwa chumvi.