"Shika kwa nguvu" si ushauri

Tangu ninunue msumeno wa mezani, ule ambao diski yake yenye meno inatokeza katikati ya meza, kila aliyewahi kushika nyundo amejifanya mwalimu wangu. Mmoja aliniambia ning'oe kava la diski, eti linamziba mtu asione anachokata. Mwingine akasisitiza glavu nene. Wa tatu ndiye aliyenichosha kabisa. Kila nikimweleza kwamba ubao unatetemeka na kuungua pembeni ninapoupasua, jibu lake ni lilelile: "Shika kwa nguvu, acha uoga."

Haya, tupige hesabu. Diski yenye kipenyo cha milimita 254, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanapita kwa kasi inayokaribia kilomita 190 kwa saa. Mkono wa nani huo utakaoshindana nayo? Na glavu ndiyo mbaya zaidi: jino ambalo lingekukwaruza ngozi linakamata kitambaa na kukokota mkono mzima.

Kava nililiacha. Nililiacha pia lile bapa la chuma lililosimama nyuma ya diski, ambalo wengi hulitoa wakidhani ni pambo. Ubao uliokauka vibaya una mvutano ndani yake. Ukiupasua, mwanya unajifunga wenyewe na kubana meno ya nyuma. Meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yanauinua ubao na kukutupia wewe uliyesimama mbele. Bapa linauzuia mwanya usijifunge, basi. Liwe nene kuliko mwili wa diski na jembamba kuliko njia inayochimbwa na meno.

Lakini ubao wangu uliendelea kuungua hata na bapa likiwepo. Nikachukua kipande kilichopasuliwa, nikakiinamisha kwenye mwanga. Upande uliopita kwenye diski ulikuwa na mikwaruzo ya kupinda inayokwenda njia mbili, inapishana kama wavu. Nikajua nimempata mchawi! Ukiona mistari inapishana hivyo, meno ya mbele yamekata na ya nyuma yamegusa tena. Diski haikwendi sambamba na safari ya ubao.

Futi ya mkanda haikuona kitu. Mbele sawa, nyuma sawa. Tofauti iliyokuwa inanitesa haikufika hata nusu milimita, na mkanda haujui lugha hiyo. Hapo ndipo nikajisifu kidogo, na nina haki. Nilichomoa plagi, nikafunga kijiti kwenye kipimapembe kile kinachoteleza katika mfereji wa meza, na kwenye ncha ya kijiti nikazamisha skrubu, kichwa kikiielekea diski. Nikatia alama ya wino kwenye jino moja. Nikalileta jino hilo mbele, nikazungusha skrubu polepole mpaka jino likapita likikwaruza: krrr, kwa mbali, sauti ya ukucha juu ya karatasi. Kisha nikaizungusha diski kwa mkono mpaka jino lilelile likafika nyuma, nikasogeza kipimapembe kulifuata. Halikukwaruza. Liligonga kichwa cha skrubu na kukwama.

Lazima liwe jino lilelile. Diski nyingi zina kuyumba kidogo, na ukipima kwa jino jingine unapima kuyumba kwa diski, siyo meza.

Basi nikalegeza bolti zilizoshikilia mashine inayobeba diski chini ya meza, nikaweka kibao na kugonga kwa nyundo ya mpira. Ikavuka upande wa pili. Nikairudisha. Ikapita tena. Sikio langu lilizoea hivyo hivyo, kugonga na kusikiliza, mpaka mbele na nyuma zikatoa krrr moja. Nikakaza bolti kwa furaha, nikapima, na mashine ilikuwa imehama! Kukaza nako kunasukuma. Dawa yake ni kukaza kidogo kidogo kwa zamu, huku ukipima katikati, siyo kumaliza bolti moja ndipo uende nyingine. Baada ya hapo nikaunyoosha upau wa pembeni, ule unaouongoza ubao unapopasuliwa, kwa kuufuatisha ukingo wa mfereji. Gharama ya haya yote ni skrubu, kipande cha mbao na mgongo kuuma.

Ubao mgumu uliokuwa unatoa moshi ukapita kimya. Yule wa "shika kwa nguvu" alipouona akasema siku hizi nimejifunza kushika.

Mengine ninayoyafanya nayataja kwa haraka. Diski huinuka juu ya ubao milimita chache tu, mashimo ya kati ya meno yaonekane, basi. Sisimami nyuma ya mstari wa diski, nasimama pembeni. Kipande chembamba nakisukuma kwa kijiti chenye kisigino, kile kinachokamata nyuma ya ubao na pia kuukandamiza chini. Kijiti kikikatwa nachonga kingine. Ninapokata kwa kukingamiza situmii kipimapembe pamoja na upau, maana kipande kilichokatika hubanwa kati ya upau na diski na kuondoka kama jiwe la teo. Nikitaka vipande vya urefu mmoja, nafunga kibao kwenye upau, kikiishia kabla ya diski, nachukua kipimo hapo, na kipande kikikatika kinabaki na nafasi.

Ekstensheni iwe nene na ikunjuliwe yote. Nyembamba ndefu inanyima mota nguvu na kupata moto. Masikio nayaziba. Barakoa pia navaa, hata kwa mkato mmoja, kwani IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Anayesema vumbi la mbao ni la asili tu, halidhuru, nampisha.

Na kipande kifupi kuliko kiganja hakipandi mezani kwangu. Nakifunga kwenye jiliwa nakikata kwa msumeno wa mkono, kinachelewa kidogo, kinakatika.