Na Mimi Umenipeleka Bagamoyo

Leo ni siku ya tisa tangu mama aitamke sentensi hiyo ya hapo juu tukitazama filamu, na bado inanirudia nikipiga mswaki, nikiwa kwenye daladala, na jana ilinirudia katikati ya kikao ambamo watu wanane wa idara yetu waliambiwa kwamba mikataba yao haitaongezwa (wangu umeongezwa).

Mama alikuja kwangu kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho, na tangu atolewe mtoto wa jicho maandishi madogo humsumbua. Filamu za kigeni humsomea mimi, nikiyageuza maandishi ya chini ya skrini kuwa Kiswahili papo hapo, huku nikilipua na kukosea nyakati za vitenzi. Jumanne tulianza na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ambayo haikuhitaji mkalimani. Aliimba pamoja na taarabu zake, akanisema kwa kutomaliza kitabu cha Shafi Adam Shafi kilichozaa filamu hiyo, ambacho kiko rafuni tangu nikiwa sekondari. Nikapata kichwa. Alhamisi usiku, kwa ujuba wa mpenzi wa filamu anayetaka kila mtu apende anachokipenda yeye, nikamwekea Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, isiyo na rangi, ya zaidi ya saa mbili, ambamo kwa mtu asiye na subira hakitokei kitu.

Wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mkubwa ni daktari, na wagonjwa hawamwachii nafasi. Binti ana saluni, na anamgombeza mumewe kwa kuwanunulia wazee keki za bei. Anayewashughulikia kwa moyo ni mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Hayo ndiyo yote. Kamera ya Ozu hukaa chini, karibu kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, na ni nadra sana kusogea. Mama, ambaye sofa yangu humuumiza mgongo, alikuwa ameketi mkekani, na baada ya dakika kumi hivi akasema, "Huyu anayepiga picha naye kakaa chini." Mimi jambo hilo nililijua kwa kusoma, nikiwa nimeshaitazama filamu hiyo mara mbili.

Kisha filamu ikafika Atami, mji wa pwani. Watoto, kwa kukosa nafasi, wanachanga fedha na kuwapeleka wazee kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto, wakiambiana kwamba huko watapumzika na kwamba gharama yake itakuwa ndogo kuliko kukaa nao mjini. Usiku vijana wanacheza kamari na kupiga muziki, na wazee hawapati usingizi. Asubuhi wanaonekana wameketi juu ya ukuta kando ya bahari, wadogo, wakisema kwamba sasa ni wakati wa kurudi nyumbani.

"Na mimi umenipeleka Bagamoyo," mama akasema.

"Mama, ile ilikuwa ya kukupumzisha."

"Ndivyo wanavyosema na hawa," akajibu, akiielekeza skrini kwa kidevu. "Haya, nisomee."

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa na ripoti ya kumaliza, kwa hiyo nilimlipia nauli na chakula aende Bagamoyo na familia ya jirani, akarudi jioni na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, akasema kumependeza. Nikajiona mwana mwema hasa. Sasa najiuliza aliketi wapi siku nzima, wale watoto wa jirani wakiwa ndani ya maji, na kama palikuwa na kivuli.

Kinachonikera ni hilo "na". Angesema "wewe umenipeleka", ningejitetea, naye angenijibu, tungemaliza. Kwa kusema "na mimi" alikwenda kuketi na wale wazee ukutani, akaniacha upande wa pili na yule binti mwenye saluni. Wala sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona sokoni kanga ambayo anayo nyumbani.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijamwambia hata kitindamimba wetu. Wazee walipokuwa stesheni wakisubiri treni ya kurudi, mama alisinzia. Mnaoijua filamu hii mnajua kwamba baada ya safari ile bibi anaugua na kufariki, na mama alikuwa na tiketi ya basi ya Jumapili. Nikazima. Alipozinduka akauliza, "Wamefika?" Nikamjibu kwamba wamefika salama.

Jumamosi sikwenda kazini wala sikuigusa ripoti. Tulichambua mchele pamoja, nikaweka Perfect Days ya Wim Wenders, ya mwaka 2023, na nyumba ikachangamka. Koji Yakusho anaigiza mwosha vyoo wa Tokyo, mtu wa maneno machache, anayetumia kioo kidogo kuchungulia mahali pasipoonekana chini ya sinki. "Huyu kalelewa," mama akasema, na tangu hapo akawa upande wake kabisa, isipokuwa kwa kahawa ya kopo kila alfajiri bila kitafunwa, jambo aliloliona ni uchawi. Vile vyoo vya vioo ambavyo kuta zake huacha kuonyesha ndani ukishafunga mlango vilimchekesha hadi akamwaga mchele. Mimi nina manung'uniko yangu: vyoo hivyo ni vya kweli, vya mradi wa vyoo 17 uliobuniwa na wasanifu majengo na wabunifu wakubwa huko Shibuya, Tokyo, na katika filamu nzima sikuona kimoja kichafu kama kile cha stendi yoyote mnayoijua. Hata hivyo sijaona mwaka huu uso uliobeba mengi kama uso wa Yakusho mwishoni, akiendesha gari, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mwosha vyoo huyo anaitwa Hirayama, jina lilelile la ukoo wa wale wazee wa Ozu, na Wenders, ambaye mwaka 1985 alitoa filamu nzima ya kumtafuta Ozu mjini Tokyo, hakuliokota barabarani. Kwa hiyo dada yake alipokuja na gari lenye dereva, akamwomba akamwone baba yao aliyezeeka, naye akatikisa kichwa, mikono yangu ilikauka ndani ya ungo nikingoja sentensi nyingine. Haikuja. Mama alitoa chuya mbili, akazitupa, akasema huyo dada amevaa vizuri.

Jumatano alipiga simu. Amewasimulia majirani hadithi ya wazee wa Japani waliorudi kwao salama, na wanataka kuiona. Nimtumie kwenye flashi kwa basi, mpwa wangu atawasomea. Kiingereza cha mpwa wangu ni kizuri kuliko changu. Nimeshanakili Perfect Days, na flashi bado imo kwenye kompyuta.