Kilo 600 za sponji, miligramu 12 na nusu

Kuna odio inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anaongea kwa sauti nzito kabisa kwamba sponji za baharini zinatibu kansa, wazungu wanajua ila wanaficha, we nenda kwa wavuvi wakupe, kausha, saga, chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Kwetu kaileta mama mkubwa, afu chini kaandika "mwanangu wewe si ulisomea haya mambo, hebu tuambie". Yeye nishampigia, ila naona niandike na hapa manake najua imefika nyumba nyingi.

Kinachonikera ni kwamba nusu ya kwanza ya odio ni kweli. Sponji ni mnyama, kakaa hapo kwenye mwamba hana miguu wala meno wala gamba, sasa asiliwe atafanyaje, anajilinda kwa kemikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alikuta kwenye sponji moja ya pwani ya Florida vitu vinavyofanana na matofali ya DNA ila sukari yake ni nyingine. Wanakemia wakafuata mchoro huohuo wakapata dawa inaitwa saitarabini, seli ikitaka kunakili DNA yake inaibeba ikidhani ni ya kawaida, inakwama hapohapo. Marekani waliipitisha 1969 na mpaka leo inatibu saratani ya damu, ipo hadi kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Sasa hapo kafichwa nani?

Tatizo liko kwenye "saga, chemsha". Wajapani Hirata na Uemura mwaka 1986 walitangaza kitu wanaita halikondrini B, kutoka sponji nyeusi ya kwao, Halichondria okadai. Kinaua seli za kansa kwa dozi ndogo mno. Kilo 600 za sponji wakapata miligramu 12.5. Miligramu jamani, siyo gramu! Dawa iliyozaliwa humo, eribulini, mgonjwa wa umbo la kawaida anachomwa kama miligramu 2 na ushee kwa mara moja, mara mbili kila wiki tatu. Kwa hesabu hiyo zile kilo 600 zinatoa sindano tano hivi za mtu mmoja, hata miezi miwili hazifikishi. Kikombe chako cha asubuhi kina nini sasa? Kina zile sumu zingine zote ambazo hakuna aliyezipima.

New Zealand nao walipata sponji nyingine yenye hicho kitu huko Kaikoura, wakavuna tani nzima kwa ruhusa ya serikali, ikatoka kama miligramu 300. Wakajaribu hadi kuilima kwenye kamba, na ikakubali, ila bado haitoshi kulisha kiwanda. Aliyeokoa ni mwanakemia Yoshito Kishi wa Harvard, 1992 aliijenga molekuli yote ya halikondrini B maabara kuanzia sifuri, afu watu wa Eisai, kampuni ya dawa ya Japani, wakagundua nusu tu ya ile molekuli inatosha kufanya kazi, ndiyo hiyo eribulini. Hata hiyo nusu inahitaji hatua zaidi ya 60 na ina sehemu 19 ambazo kila moja lazima ielekee upande wake sahihi. Ikapitishwa 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Na tusidanganyane, kwenye utafiti wa wanawake 762, nusu ya waliopewa eribulini waliishi zaidi ya miezi 13.1, nusu ya wenzao wa dawa zingine zaidi ya 10.6. Ni miezi, siyo kupona.

Mtu akisema "imeua kansa maabara" muulize imeua wapi. Kazi yenyewe ni hivi, unakatakata sponji iliyogandishwa, inanuka balaa, unailoweka kwenye methanoli (aina ya alkoholi), unaikausha hiyo methanoli inabaki kitu kizito kama lami kimeng'ang'ania chini ya chupa, unakigawa mafungu mafungu unadondoshea kwenye pleti yenye vishimo 96 vyenye seli. Vishimo vingi vitakufa tu, hata jiki inaua seli za kansa kwenye pleti. Shughuli ni kupata fungu linaloua za kansa na kuacha zingine, na mengi yanaishia hapo.

Kuna aliyeniuliza kuhusu wale kina mama wa Jambiani, Zanzibar, wanaolima sponji, kwa nini wasilime za dawa. Zile ni za kuogea, zina soko lake na pesa inaingia, waacheni. Na kwa upande wa dawa hata watafiti wenyewe wameanza kuhama kwenye sponji, manake 2014 ilionekana kwamba karibu kemikali zote za maana za sponji moja ya Japani, Theonella swinhoei, zinatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, Entotheonella, kwa hiyo siku hizi wengi wanachukua kipande kidogo tu wanasoma DNA ya hao bakteria wajue mtambo wa kutengeneza hizo kemikali uko wapi.