Daftari la kurasa 48 lililobaki na 40

Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, mingi nikiwa na darasa la tatu na la nne, hapa Dar es Salaam. Mwanangu mwenyewe alipoingia darasa la nne akaniletea Hisabati 14 kati ya 50. Mwaka huo kuna upimaji wa kitaifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa hiyo kila ndugu alikuja na ushauri, na wote ulikuwa uleule: samaki mkunje angali mbichi. Naandika haya kwa sababu ushauri huo ulitupotezea karibu miezi miwili, na bado nausikia kwenye vikao vya wazazi.

Niliufuata. Nikamwongezea tuisheni, kama elfu moja kwa siku, na kila jioni nikawa napitia daftari: kosa moja, fimbo moja. Wiki ya tatu daftari likawa safi, vema tupu. Nilifurahi kwelikweli. Ukaja mtihani wa katikati ya muhula, akapata 11.

Usiku ule nilikaa na lile daftari nikahesabu kurasa. Lilinunuliwa na kurasa 48, zimebaki 40. Madaftari yale hubanwa kwa pini mbili katikati, na ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili unalegea na kuning'inia. Mtoto alikuwa ameligundua hilo. Alifungua pini, akatoa karatasi mbili nzima za katikati, zile zenye makosa, kisha akazikunja pini upya zikalala vizuri. Hesabu zilizobaki, zenye vema, alinakili kwa jirani yake wa dawati, hata mwandiko wa tarakimu ulikuwa wa yule jirani, 7 zenye kistari katikati. Fimbo ilikuwa imemfundisha kitu kimoja tu, kuficha kosa. Na kosa ndicho kitu pekee kinachomwonyesha mwalimu mtoto amekwama wapi.

Nikaenda upande wa pili. Nikamwacha kabisa, kwamba akitaka atasoma. Mwezi mzima alitazama katuni mpaka saa nne usiku na kuamka akisinzia. Sina zaidi la kusema juu ya mwezi huo.

Chuoni tulifundishwa aina za malezi alizozieleza mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani miaka ya 1960: mzazi wa amri, mzazi anayedekeza, na mzazi mwenye msimamo anayemsikiliza mtoto. Mwaka 1983 watafiti Maccoby na Martin wakaongeza wa nne, aliyejitenga. Niliyajibu hayo kwenye mtihani nikafaulu, lakini nyumbani nilikuwa nimeruka kutoka aina ya kwanza hadi ya nne bila kugusa ya tatu. Ya tatu ina kazi zaidi, kwa sababu inakutaka ukae chini na mtoto.

Nikakaa naye. Nikampa 402 kutoa 178. Akaandika 376. Sikumwambia amekosa, nilimuuliza, "Baba, umefikaje hapa?" Akanionyesha kwa kidole: nane na mbili, tofauti ni sita; saba na sifuri, saba; nne toa moja, tatu. Kila mara alitoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kwa hiyo kutoa alikuwa anakujua, kukopa ndiko alikokuwa hajakuelewa, na sifuri ya katikati ndiyo iliyokuwa inammaliza. Miezi miwili ya fimbo haikuniambia hilo, na swali lile liliniambia kwa dakika tatu.

Hapo ndipo nikafungua duka mezani. Nilikata makaratasi ya jalada la daftari kuukuu: noti za elfu kumi, noti za elfu moja, na sarafu za mia. Nikampa noti nne za elfu kumi, za elfu hakuna, na sarafu mbili. Nikamwambia, "Bidhaa yangu ni elfu kumi na saba na mia nane, sina chenji." Alianza na sarafu: anatakiwa atoe nane, anazo mbili. Akatafuta noti ya elfu aivunje, hamna. Akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza, na hapa mzazi akifungua mdomo anaharibu kila kitu. Kisha akachukua noti moja ya elfu kumi, akaivunja kuwa noti kumi za elfu moja moja, akachukua elfu moja akaivunja kuwa sarafu kumi. Mkononi sasa ana noti tatu za elfu kumi, tisa za elfu, sarafu kumi na mbili. Akalipa, akabaki na elfu ishirini na mbili na mia nne. Siku kadhaa baadaye nikamwekea daftari: 402, 178. Akaandika 224 mwenyewe, na juu ya ile sifuri akaweka 9 ndogo. Usimpeleke mtoto kwenye daftari kabla hajavunja noti kwa mkono angalau siku nne au tano.

Nilimsifu kwa alichofanya: "Umeivunja ile elfu kumi kwanza, vizuri." Sikumwambia ana akili. Watafiti wa saikolojia Mueller na Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili walikata tamaa mapema walipopewa maswali magumu, kuliko waliosifiwa juhudi.

Tulibaki na sheria tatu, kila moja na sababu yake. Mezani saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika 25, simu yangu nayo ikiwa kabatini. Achague mwenyewe aanze na somo gani. Kitandani saa mbili na nusu, kwa sababu anaamka saa kumi na moja na nusu kuwahi gari, na mtoto wa umri huo anahitaji saa tisa angalau. Kazi isipoisha, katuni hakuna jioni ile, basi. Kesho tunaanza upya, hakuna deni.

Kilichokaribia kuvunja yote ni nyumba yenye malezi mawili. Bibi yake alikuwa anamfungulia televisheni nikitoka, na shangazi anamtisha kwa fimbo. Mtoto hapo hujifunza kumsoma mtu mzima aliyepo zamu, na sheria anaisahau. Nilimwendea mama mkwe kwa heshima, nikamwomba awe mteja wa duka letu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkali wa chenji kuliko mimi.

Mwisho wa muhula wa pili alipata 34. Tuisheni niliisimamisha.

Sasa tuko kwenye hesabu za sehemu, tunakata chapati. Anajumlisha nusu na robo anapata mbili ya sita, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Juzi alikuja na daftari wazi kwenye ukurasa wenye makosa manne, akaliweka mbele yangu kabla sijauliza, akasema, "Mama, hii ya tatu hata nilivyofika sijui."