Ni utaratibu, mama

Wiki hii tumehamia lile jengo jipya, mdogo wangu kajifungua salama, na umeme umekatika siku mbili mfululizo. Vyote hivyo ningeviandikia. Lakini kinachozunguka kichwani tangu Jumatano ni maneno matatu ambayo hata sikumbuki kuyasema.

Mnajua Jumatano kliniki yetu ni siku ya nyayo za kupinda, watoto waliozaliwa na mguu uliogeukia ndani, ambao tunaunyoosha kwa plasta. Akaingia mama mmoja na mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa, tuliyemmalizia plasta akiwa bado hajakaa. Mtoto akatembea mpaka mezani kwangu, na kabla hajafika nilishaona: mguu wa kulia unakanyagia ukingo wa nje, vidole vimeingia ndani. Nikamwambia achutame aokote kifuniko cha kalamu. Kisigino cha kushoto kikatulia chini, cha kulia kikabaki juu.

"Viatu alivaa mpaka lini, mama?"

"Mpaka alipoanza kusimama."

"Mbona mliacha?"

"Siku ile nilikuuliza, sista. Nikasema mguu si umeshanyooka, viatu vya nini tena? Ukaniambia, ni utaratibu, mama. Nikajua ni mambo yenu ya hospitali."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Nimeyarudia mazungumzo hayo mara ngapi sijui, jikoni, kitandani, nikisubiri maji yachemke. Ni utaratibu, mama. Bila shaka nilikuwa nimeinamia daftari, na nyuma yake kuna foleni. Lakini swali lake lilikuwa swali zuri kuliko yote ambayo mzazi anaweza kuuliza siku ile, na jibu lipo.

Jibu ni hili. Mguu wa namna hii si msumari, kwamba ukishaunyoosha basi. Kinachoukunja ni kano za nyuma na za upande wa ndani, ambazo ni fupi na ngumu, na kigimbi kinachovuta kisigino juu. Mvuto huo hauishi siku plasta ya mwisho inapotolewa. Mtoto anakua haraka mno miaka ya mwanzo, na kadiri anavyokua, mguu unatafuta kurudi ulikotoka. Plasta kazi yake ni kunyoosha. Kushikilia ni kazi ya viatu, vile viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati. Anayeacha mapema, mguu wake uko kwenye hatari kubwa ya kurudi, hata kama ulitoka kwenye plasta umenyooka vizuri namna gani.

Plasta tunazieleza vizuri, sijui kwa nini. Kila mzazi anaondoka anajua kwamba tutabadilisha kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Kwamba plasta inapanda mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa, maana ikiishia chini ya goti inateleza. Kwamba vidole vikianza kuzama ndani ya plasta, aje siku hiyohiyo, asisubiri tarehe. Anajua kubonyeza kidole gumba cha mguu na kuangalia rangi inavyorudi, kuhakikisha damu inafika. Anajua kwamba wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, chini ya ganzi, na kwamba kano hiyo hujiunga upya ndani ya wiki 3 za plasta ya mwisho. Haya yote tunayasema kwa utulivu. Ikifika zamu ya viatu, wote tumechoka, mzazi anafurahia mguu, na kazi ya miaka minne inapata dakika nne.

Viatu huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, ile saa moja ni ya kuoga. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka mtoto atimize miaka 4, na wengine 5. Chuma cha katikati kilingane na upana wa mabega yake. Kiatu cha mguu uliopinda kimegeuzwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70, na wazazi wengi wakiona hivyo wanadhani kimefungwa vibaya, wanakirudisha kikae sawa. Msikirudishe. Mguu usiopinda, kama upo, hugeuzwa nyuzi 30 hadi 40 tu.

Kuvalisha: anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi. Soksi isiyo na mshono unaokwaruza. Kunja goti, sukuma kisigino mpaka kikae chini, funga kwanza ule mkanda wa katikati, ndipo kamba. Kisha shika mguu juu ya kiatu, uvute taratibu juu na chini. Vidole vikisogea mbele na nyuma, kisigino hakijashuka, rudia. Lengelenge mara nyingi hutokana na kiatu kilicholegea, mguu unachezacheza ndani, wala si kwa sababu kimebana. Msipake mafuta palipo pekundu, ngozi italainika na kuchubuka zaidi. Usiku wa kwanza na wa pili atalia. Shikeni chuma, mkunje na kunyoosha magoti yote mawili kwa pamoja kama mchezo, ajifunze kwamba miguu sasa inakwenda pamoja. Mkivitoa viatu kila anapolia, atajifunza kwamba kulia ndiko kunakovua viatu.

Nilimwambia yote haya Jumatano. Nikayasema polepole, daftari nimelifunga. Mguu bado ni laini, na hilo lilinirudishia pumzi: plasta mbili au tatu, na viatu tena. Hata ungegoma, akishapita miaka miwili na nusu kuna operesheni ya kuhamisha kano inayovuta mguu ndani, lakini sidhani tutafika huko. Tulipomaliza kufunga plasta, mama akainama mwenyewe, akabonyeza kidole gumba cha mwanaye. Kikawa cheupe, kikarudi chekundu. Akabonyeza kinachofuata. Akaenda hivyo vyote vitano bila kuambiwa, na mtoto akacheka maana alidhani anatekenywa.

Alipofika mlangoni akageuka. "Kwa hiyo viatu vya usiku, sista, si kwa sababu mguu umepinda. Ni kwa sababu anakua."

Nikasema ndiyo, mama. Hivyo hasa. Kwa miaka yote hii sijawahi kulisema kwa ufupi namna hiyo, na Jumatano ijayo nitalisema kwa maneno yake.